Mkono wa Kushoto wa Shefu Venant

Mtaa mzima wa Kadutu hakukuwa na mtu aliyefunga mlango wake kwa shaka kama Venant, mwalimu wa darasa la nne katika shule ya mapadri. Aliufunga, akausukuma kwa bega, akashuka mpaka njiani, halafu akarudi kuusukuma tena. Na mara nyingi mkewe Godelive alikuwa bado ndani, mikono imejaa unga, akimwangalia dirishani.

"Papa, unafungia nani?" alikuwa akimwitia. "Muizi akiingia humu atatusikilia huruma, atatuachia hata kakitu."

Venant hakucheka. Mambo ya milango hakuyafanyia utani. Wala hakuwafanyia utani majirani wanaouliza habari za asubuhi mara mbili, wageni wanaopenda kukaa karibu na dirisha, na mtu yeyote anayekohoa nje ya ua bila kupiga hodi. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka linang'aa, na macho yake hayakutulia mahali pamoja. Ukizungumza naye ulijikuta unageuka nyuma kuona anamtazama nani. Kwa kawaida hakukuwa na mtu.

Ni rahisi kumcheka mtu wa namna hiyo, na Kadutu walimcheka vya kutosha. Lakini woga wake ulikuwa na mahali ulikotoka, na mahali penyewe ni Kalehe.

Kaka yake, Gérard, alikuwa seremala kule Kalehe wakati wa vita vya Wazungu. Jioni, kazi ikiisha, yeye na wenzake wa karakana walipanda kilimani kuimba nyimbo za kanisa, kwa sababu Gérard alikuwa na sauti nzuri na alipenda isikike mbali. Wakati ule Serikali ya Wazungu, Leta kama watu walivyoiita, ilikuwa inatafuta watu wa Kitawala, dini iliyokatazwa, na iliwatafuta hata chini ya masufuria. Mtu fulani akapeleka neno ofisini kwamba wale maseremala wana ishara zao za siri. Wakakamatwa wote. Kila mmoja aliulizwa peke yake kama Gérard ni mwenzao, na kila mmoja akajibu kwamba hamfahamu vizuri, alikuwa anakuja tu. Basi wao wakaachiliwa, na yule aliyekuwa anakuja tu akapelekwa uhamishoni, mbali sana huko kwenye misitu, bila hata blanketi.

Alirudi baada ya miaka, kifua kimeharibika, akakaa Nyantende kwenye migomba ya baba yao mpaka kifua kikammaliza. Hakumlaani aliyepeleka neno. Alikuwa na sentensi moja tu, ambayo aliirudia hata kijiko cha uji kikiwa mdomoni: "Hakuna hata mumoja alisema, huyu iko wetu."

Venant aliisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko Baba Yetu, akatoa humo funzo lake mwenyewe: usiwe katika kundi lolote, na kundi lisiwe na wewe. Hakuimba kwaya. Harusini alikaa karibu na njia ya kutokea. Pombe ya ndizi alikunywa nyumbani, kikombe kimoja, mlango ukiwa umefungwa.

Sasa fikiria alivyojisikia siku ile ya mwaka 1957 Padri Mkuu alipomwita na kumkabidhi kundi la skauti, awe shefu wao.

Padri kijana aliyeanzisha kundi hilo alikuwa amehamishiwa Mwenga. Padri Mkuu akawatazama walimu wake, akaona wengine wamenenepa, wengine wanapenda chupa, akamwona Venant ana miguu mizuri. Huo ndio ukawa wito wake. Mwalimu anayelala katika nyumba ya misioni ana jibu moja tu, na Venant akalitoa: "Ndiyo, Padri." Alirudi nyumbani akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Wamenipatia kundi," akamwambia Godelive.

"Kundi ya mbuzi?"

"Ya batoto."

"Afazali mbuzi," akasema Godelive, akijaribu kumchekesha. "Mbuzi haisemake."

Venant alitikisa kichwa kukubali, kwa uchungu, kana kwamba hatimaye mkewe amemwelewa.

Kundi lenyewe alilibana. Alibakiza watoto ambao baba zao na babu zao aliwajua, wengi wao wa makatekista, watoto watulivu wanaosema "ndiyo" kabla hujamaliza kuuliza. Jumamosi mchana aliwaingiza katika ukumbi wa mbao nyuma ya kanisa, akawafundisha kufunga kamba, kuweka bendeji na kutafuta kaskazini. Mafundo aliyapenda, hata kama hakukubali kusema. Fundo ukilifunga vizuri halina maneno.

Siku moja akafika kwenye ukurasa ambao alikuwa akiuruka tangu mwanzo. Kitabu cha Padri kilisema kwamba skauti kwa skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto.

Hapo ni lazima tuelewane. Kwa Bashi, watu wa kabila lake, mkono wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hazitajwi mbele ya chakula. Mtoto akimpa bibi yake kikombe kwa mkono wa kushoto, kikombe kinarudi na konzi juu yake. Mtu mzima akikunyooshea kushoto, ama anakutukana ama ana jambo lingine baya zaidi. Venant alijua hayo tangu alipoanza kutambaa. Kwa hiyo alifunga madirisha ya ukumbi, akasimama katikati ya watoto wake, akawaeleza upesi kama mtu anayemeza dawa.

Zamani, alisema, askari wa vita alishika ngao kwa mkono wa kushoto. Akitaka kukusalimia kwa mkono huo ni lazima kwanza aweke ngao chini. Maana yake ni kwamba hakuogopi, amekuamini. Basi shikaneni wawili wawili. Watoto wakashikana, wakichekacheka kwa aibu na kutazama mlangoni kama bibi zao watatokea. Venant mwenyewe hakumpa mtu mkono. Alisimama ameifunga mikono yake nyuma.

Kisha akainama, akapunguza sauti mpaka ikawa mnong'ono: "Ni hapa ndani tu. Mutu akifanya vile inje, mimi simujue."

Nje ya dirisha kitu kikachakarisha majani.

Alipotoka kukagua hakumkuta mtu. Chini ya dirisha nyasi zilikuwa zimelala, na juu yake kulikuwa na makapi ya muwa, mapya, bado yana maji. Venant aliyachuchumalia na kuyatazama kwa muda mrefu. Mtu amesimama hapa akitafuna, mtu ambaye hana haraka. Aliyafunika kwa udongo kwa kiatu chake.

Jumamosi iliyofuata watoto watatu walimngojea kwenye ngazi za ukumbi, kila mmoja ana kipande cha muwa.

Mkubwa wao aliitwa Polycarpe, mwembamba, mwenye masikio yanayosikiliza hata kabla ya kuitwa. Wa pili, Déogratias, alikuwa na mashavu na hakuwa na maneno. Wa tatu alikuwa Bulonza, mdogo kabisa, ambaye kaptula yake ilishikiliwa na kamba ya mgomba na mkono mmoja.

"Shefu," akasema Polycarpe, "tunaomba kuingia mu ba-skuti."

"Nani amewatuma?"

"Hakuna mutu."

"Batoto batatu habakuyake bule. Nani amewatuma?"

Polycarpe akawatazama wenzake, kama labda mmoja wao anajua aliyewatuma. "Ni sisi benyewe, Shefu."

"Papa yako ni nani?"

"Papa Philémon."

"Philémon gani?"

"Ule polisi."

Venant alirudi nyuma hatua moja. Alimjua Philémon, kama kila mtu pale alivyomjua: askari polisi mkubwa, mpole wa kutisha, aliyesimama sokoni na fimbo yake mkono wa kulia, akiwatazama watu wakinunua maharage kama anayetaka kukumbuka nyuso zao. Watu walisema hasahau. Na sasa mtoto wake yuko hapa, na muwa.

"Hamuna fulari," akasema Venant. "Mutu bila fulari haiko skuti." Akaingia ndani, akafunga.

Wakarudi na fulari, vitambaa vya shingoni. Zilikatwa zote tatu kutoka kikwembe kimoja cha mama yake Polycarpe, kitambaa chenye picha za mananasi, na shingoni mwa Bulonza nanasi lilikaa zima, majani yake yakimchoma kidevu. Venant aliwaambia kwamba fulari si kitu bila kujua sheria ya skauti. Polycarpe akasimama wima, akaitoa sheria yote tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukosea. Si hivyo tu. Katikati alikohoa kidogo, pale pale ambapo Venant mwenyewe hukohoa anapoisoma.

Kwa mwalimu mwingine hiyo ingekuwa furaha. Venant ilimtoa jasho. Nani anafundishwa kukariri hata kikohozi cha mtu, kama si yule atakayekwenda kukirudia mahali fulani?

"Ule ni mudogo sana," akasema, akimwonyesha Bulonza, kwa sababu hakupata sababu nyingine.

Safari iliyofuata Bulonza alikuja akitembea kwa ncha za vidole. Alisimama hivyo mbele ya Venant muda wote, akitetemeka miguu, na alipoambiwa hapana aliondoka vilevile kwa vidole mpaka alipopita kona ya kanisa.

Godelive, aliyekuwa amekuja kuleta funguo, aliona yote. Alimngoja mumewe mpaka nyumbani.

"Venant, wewe uko mutu ao uko jiwe? Ule mutoto ametembea na vidole!"

"Papa ya mwenzake ni polisi."

"Na papa yangu alikuwa anauzisha chumvi. Nilikuuzishia chumvi?" Aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Batoto banataka kucheza, wewe unaona Leta. Siku moja utaniuliza na miye nani amenituma mu hii nyumba."

Venant akaenda kuusukuma mlango, maana, tuseme ukweli, swali hilo aliwahi kulifikiria, mwaka ule wa kwanza wa ndoa.

Lakini mambo hayakuwa kichwani mwake tu. Alipokwenda sokoni kununua sabuni, Philémon alikuwa pale, na Philémon alimtazama. Hakumtazama usoni. Alimtazama mikono. Venant alipokea sabuni, na macho ya polisi yakafuata mkono uliopokea. Alipotoa kofia kusalimia, macho yakapanda na mkono, yakashuka nao. Venant akaitia mikono yote miwili mfukoni na kurudi nyumbani hivyo, sabuni kwapani. Akajua sasa kwamba hajidanganyi. Anachunguzwa, na wale watoto ndio masikio.

Ndipo akapata wazo, na lilimpendeza kwa namna ambayo haikuwa nzuri. Alimvuta Polycarpe pembeni mwa ukumbi.

"Sikiliza. Samedi hatutakuwa hapa. Tutashuka ku Ruzizi, kwenye barabara ya Mumosho, pale miti ya kalitusi inaishiaka. Mukuye na benzako, tutaona kama muko ba-skuti kweli. Lakini usiambie mutu. Hata papa, hata maman."

Uso wa mtoto uliwaka. "Siambie mutu, Shefu."

Watoto wake wa kila siku Venant aliwaambia wabaki nyumbani, Jumamosi hiyo hakuna skauti. Mpango ulikuwa mwepesi. Polisi akitokea Ruzizi, basi ni mtoto amesema, na Venant atakuwa na haki yake mkononi. Atakwenda kwa Padri Mkuu aseme, Padri, hili kundi limeingiliwa, nitoe.

Jumamosi alishuka mapema, akaingia katika matete juu kidogo ya mto, akachuchumaa. Palikuwa na unyevu na siafu. Maji ya Ruzizi yalipiga kelele chini, na wingu lilikuwa limekaa juu ya vilima vya ng'ambo.

Watoto walikuja, fulari za mananasi shingoni. Hawakumwona mtu, hawakushangaa. Walisimama pale kalitusi zinapoishia, wakasalimiana wote watatu, kwa uzito, kwa mkono wa kushoto.

Venant aliacha hata kujikuna. Mkono wa kushoto! Njiani, mchana kweupe, barabara ya Mumosho! Wameuona wapi? Kisha akakumbuka dirisha, na makapi ya muwa, na jinsi onyo lake la mwisho alivyolitoa kwa kunong'ona. Waliokuwa nje walisikia yote isipokuwa hilo.

Alikuwa bado anameza hayo alipoona mtu mwingine aliyejificha. Nyuma ya mti mnene, upande wa juu, alisimama mwanamume katika koti refu la mvua na kofia iliyoshushwa. Koti lilimbana mabegani, na chini yake ilitokeza ncha ya fimbo. Philémon, bila sare.

Basi. Venant angefurahi, maana alikuwa amepata alichokuja kutafuta. Lakini mambo hayakwenda alivyoyapanga. Polisi hakushuka. Alibaki amejificha, akichungulia, akirudisha kichwa. Ikawa watu wazima wawili wamejificha wanawatazama watoto watatu, na watoto hawafanyi kitu chochote.

Yaani, walifanya. Walisema sheria ya skauti. Walikusanya kuni wakajaribu kuwasha moto, lakini manyunyu yalikuwa yameanza na kuni zilifuka moshi tu. Déogratias alitafuna muwa. Manyunyu yakawa mvua. Bulonza akaanza kulia, akisema Shefu hakuyi, Shefu ametudanganya, na Polycarpe akavua fulari yake akamfunika kichwa.

"Atakuya," akasema. "Shefu hawezi sema uongo. Ni mu sheria."

Maneno hayo yalipanda mpaka kwenye matete na kumkuta Venant. Alisikia aibu. Aliisikia hasa, mwilini, na mvua ilikuwa inampiga mgongoni lakini uso ulikuwa wa moto.

Philémon akashuka kutoka kwenye mti. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe, akamshika mkono wa kushoto kwenye kifundo, akauinua juu.

"Hii mukono. Nani amekufundisha?"

Polycarpe akatazama viatu vya baba yake.

"Sokoni bamama banalalamika. Batoto banapeana kushoto, banacheka. Habari imefika ku biro, Bwana Komiseri ananiambia, Philémon, angalia, ile ni alama ya dini ya kuficha, tafuta ni batoto ba nani. Natafuta. Nafika mu nyumba, nakuona wewe na dada yako mudogo munapeana kushoto!" Sauti ya mtu mkubwa ilivunjika kidogo. "Leo unatoka bila kuaga, nakufuata. Nani anakuambiaka ufiche? Ni ule mwalimu?"

"Hapana, Papa."

"Alikupatia ile mukono?"

"Hajatupatiaka. Ametukatala. Ni sisi tu, Papa."

Mtoto hakusema. Aliambiwa asiseme, na hata sasa, mkono wake ukiwa hewani, hakusema ni nani aliyewaita Ruzizi. Philémon akachomoa fimbo kutoka kwenye koti. Akatazama juu na chini ya barabara kama kuna anayewaona; hakuwa na hasira bali hofu. Venant aliijua hofu hiyo. Ameishi nayo nyumba moja.

Alikuwa na njia iliyo wazi. Abaki amechuchumaa. Hawakuwa watoto wake, alikuwa amewakatalia, mtoto mwenyewe amekwisha kutoa ushahidi. Jumatatu akiulizwa atasema hawafahamu vizuri, walikuwa wanakuja tu.

Maneno yalipofika kichwani kwa mpangilio huo, yalimjia na sauti ya Gérard, na kijiko cha uji.

Alitoka katika matete akiwa na majani kwenye nywele na siafu kwenye soksi.

"Philémon, wacha," akasema. "Hawa ni bangu."

Wote wanne wakageuka.

"Umesema nini?"

"Hawa batoto ni bangu. Ni ba-skuti ba kwangu. Mukono ni miye nilifundisha." Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka. Akaeleza mambo ya ngao, kama alivyoyaeleza ukumbini, safari hii kwa sauti ya kusikika hata ng'ambo ya mto. Philémon alisikiliza na mvua ikimtiririka kofiani.

"Na wewe," akauliza polisi polepole, "ulikuwa unafanya nini mu matete?"

Venant alitoa jani moja kwenye nywele. "Nilikuwa nakuangalia."

"Kuangalia miye?"

"Ndiyo."

Philémon alivuta pumzi. "Na miye nilikuwa nakuangalia wewe."

Bulonza alitoa kichwa chini ya fulari. Alimtazama Venant, akamtazama tena, kisha akajiinua kwa ncha za vidole.

Venant akachuchumaa kwenye matope ili mtoto ashuke. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule ambao hakuwahi kumpa mtu tangu azaliwe, na mkono mdogo, baridi, wenye utomvu wa muwa, ukaingia ndani yake. Akampa Déogratias. Akampa Polycarpe, na huyo alimshika kwa nguvu kuliko inavyoelezwa kitabuni.

"Lundi nikifika ku biro, nitabaambia nini?" Philémon akauliza. Aliuliza kama mtu anayejiuliza.

"Waambie jina yangu."

Philémon akatazama fimbo, akairudisha kwenye koti, akapanda barabara bila kuaga. Watoto aliwaacha pale.

Siku zilizofuata Venant alifundisha hesabu akiwa anasikiliza nje. Gari likipita chini ya shule alinyamaza katikati ya namba. Godelive alikuta chini ya kitanda furushi limefungwa kwa mafundo mazuri: blanketi, kijiko, soksi. Alilifungua, akalitazama, akataka kumtania, akashindwa. Akaongeza sweta, akalifunga tena vibaya, na mumewe alipoona lile fundo alijua nani ameligusa. Usiku huo Godelive alimsogezea kipande kikubwa cha nyama.

Gari halikusimama.

Jumamosi ikafika. Venant alifungua madirisha yote ya ukumbi, kisha akaona haitoshi, akawatoa watoto uani. Watoto wa makatekista walisimama mstari mmoja na wale watatu wa mananasi wakiwa mwishoni, Bulonza safari hii kwa nyayo zake zote. Walikuwa kwenye fundo la kuunganisha kamba mbili alipotokea Philémon langoni.

Alikuwa amevaa sare yake kamili, kofia nyekundu, vifungo vinang'aa, fimbo mkono wa kulia. Watoto wakaacha kamba. Godelive, aliyekuwa kwenye ngazi, alisimama. Polisi alivuka ua mzima kwa mwendo wake ule wa kutokuwa na haraka, akafika mbele ya Venant, karibu, mpaka Venant akasikia harufu ya dawa ya viatu.

"Nimeambia Bwana Komiseri ni mambo ya mapadri," akasema. "Hajauliza tena."

"Aksanti."

"Nitakuwa nakuyaka kuangalia."

"Karibu."

Philémon hakuondoka. Alitazama mwanawe, akatazama chini, akasafisha koo. Halafu, kwa shida, kama mtu anayevua nguo mbele ya wakwe, akanyoosha mkono wa kushoto.

Venant aliutazama. Kisha akatazama upande wa pili, ambako mkono wa kulia ulikuwa bado umeishika fimbo, vidole vyote vimekaza, na haukuwa na dalili ya kuiachia. Ngao imewekwa chini, fimbo bado. Kisha akanyoosha wa kwake, akaushika hivyohivyo.